Sonona kwa wafugaji wa Kibarbaig mkoani Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa watu wanaoishi na jambo lenyewe: ndugu wa wagonjwa, wenyeviti wa vijiji, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wauguzi waliopangiwa zahanati za mbali, na wafugaji wenyewe. Mengine yaliulizwa kwa nia njema na mengine kwa kejeli. Yote yamejibiwa.

Sonona ni nini? Si ni mawazo tu?

Mawazo kila mtu anayo. Sonona ni pale huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kunapomkalia mtu karibu kutwa nzima, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi, tena kukiandamana na mengine: usingizi unakatika usiku wa manane, chakula hakipiti, mwili umechoka bila kazi, akili haitulii kwenye jambo moja, mtu anajiona hana maana, na wakati mwingine anatamani afe. Ni ugonjwa, una matibabu, na matibabu yapo ndani ya mkoa.

Mbona mnawazungumzia Wabarbaig peke yao? Sisi Wamwera na Wamatumbi hatuugui?

Mnaugua. Ila mkulima wa Kimwera anayeumwa ana shangazi kijiji cha pili, ana shehe au padri wa kumjulia hali, na anapofika dirishani anajieleza kwa Kiswahili bila kuhangaika. Mbarbaig wa Kilwa au Lindi vijijini ni mmoja kati ya wachache waliozungukwa na wengi. Lugha yake si ya Kibantu, boma lake liko porini mbali na barabara, na kijijini akitajwa, kwa kawaida anatajwa kwenye kesi ya ng'ombe kuingia kwenye ufuta wa mtu. Huku Kusini wengi tunawaita Wamang'ati, jina wasilolipenda.

Walifikaje huku, na safari yao inahusianaje na ugonjwa?

Inahusiana sana, na wahudumu wengi wageni hawaijui habari hii.

Wabarbaig ni tawi la Wadatoga, na kwao ni nyanda za Hanang, katika mkoa unaoitwa sasa Manyara. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 malisho yao bora kule Basotu yaligeuzwa mashamba makubwa ya ngano chini ya shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada. Ardhi iliyochukuliwa ilifikia kama ekari 100,000. Kilichowauma zaidi ya nyasi ni makaburi. Mzee wa Kibarbaig mwenye heshima huzikwa kwa sherehe ya miezi mingi, na juu ya kaburi hujengwa kichuguu kirefu cha udongo ambacho ukoo hukirudia kizazi hadi kizazi. Baadhi ya makaburi hayo yalipitiwa na trekta.

Wengi wakahama kusini na mifugo yao, baadhi wakafika bonde la Usangu, Mbarali. Mwaka 2006 serikali ikaamua kuwaondoa wafugaji Usangu na Ihefu ili kuokoa maji ya mto Ruaha Mkuu, na Lindi ikawa kati ya mikoa walikoelekezwa. Safari ile ya 2006 na 2007 iliua ng'ombe wengi, na wengine waliuzwa kwa bei ya kutupa ili kulipia malori na faini. Kwa hiyo mzee wa miaka 65 unayemwona leo amekaa kimya chini ya mkorosho wa mtu, katika maisha yake huenda amepoteza nchi mara mbili. Muulize ametoka wapi kabla hujamuuliza analala saa ngapi.

Basi ni wangapi wenye sonona? Tunataka namba.

Duniani, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO), katika kila watu wazima 20 mmoja hivi anaishi na sonona, na wanawake huipata zaidi ya wanaume kwa karibu mara moja na nusu. Katika nchi za kipato cha chini na cha kati, zaidi ya robo tatu ya wenye matatizo haya hawapati tiba yoyote.

Namba ya kabila moja ni habari nyingine. Sensa ya Tanzania haijauliza kabila tangu ile ya 1967. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,194,028 mkoani Lindi bila kusema nani Mngindo nani Mbarbaig, na rejesta ya zahanati nayo inaandika umri, jinsia na kijiji. Uamuzi wa kuacha kuhesabu makabila ulikuwa na sababu zake, na binafsi naona umeisaidia nchi hii. Lakini una gharama: jamii ndogo inapoumia, maumivu yake yanayeyuka ndani ya wastani wa wilaya. Atakayekuambia "asilimia kadhaa ya Wamang'ati wana sonona" muulize aliwahesabu lini.

Kilichopo ni vyanzo vya hatari vinavyojulikana, na hivyo unaweza kuvihesabu boma kwa boma: kuhamishwa kwa nguvu, kufilisika ghafla, kuishi na uhasama wa majirani, kuwa mbali na ndugu. Kwa watu waliopitia vita, WHO ilikadiria mwaka 2019 kwamba mtu 1 kati ya 5 ana tatizo la afya ya akili. Usangu haikuwa vita, lakini kung'olewa ni kung'olewa.

Kwa hiyo jamii ndogo ndizo zinazougua zaidi?

Si lazima, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Marekani kuna utafiti wa kitaifa uliochapishwa 2007 ambao uliwalinganisha weusi na weupe. Waliowahi kupata sonona kali maishani walikuwa asilimia 10.4 ya Wamarekani weusi na asilimia 17.9 ya weupe. Ukiishia hapo utasema weusi wako salama. Lakini kati ya walioipata, ilikuwa sugu kwa asilimia 56.5 ya weusi dhidi ya 38.6 ya weupe, na chini ya nusu ya weusi wenye sonona kali ndio waliopata matibabu.

Lindi si Marekani. Ila funzo linabebeka: swali la "wangapi" lisituchukulie muda wote, kwa sababu linatusahaulisha swali la "kwa muda gani". Jamii inaweza kuwa na wagonjwa wachache kuliko jirani zake, na kila mmoja wao akaugua miaka mitano bila mtu kujua. Huo ndio msimamo wangu. Ninaowaona wakifika kituoni ni wachache, na karibu wote wamechelewa.

Mbona wao hawaji kulalamikia akili? Wanakuja na mgongo na kichwa.

Nani anakuja kulalamikia akili? Hata Mmakonde wa Newala haji hivyo. Anakuja na kichwa kinachowaka moto, moyo unaokwenda mbio, miguu kuisha nguvu. Mwili ndio unaoruhusiwa kuumwa hadharani.

Kinachotokea zahanati ni hiki. Mama wa Kibarbaig anafika mara ya tatu ndani ya miezi miwili, amevaa sketi yake ya ngozi na bangili za shaba mkononi. Anapimwa malaria, kipimo kinaonyesha hana. Anapewa Panadol, anaondoka. Daftarini kuna mistari mitatu inayofanana na hakuna aliyefungua kurasa za nyuma. Malalamiko yanayohamahama mwilini, vipimo safi na kurudi mara kwa mara ni ishara ya kukaa na mtu dakika 10 zaidi. Ukiwa na zamu ya watu 60 peke yako, dakika hizo 10 ni nyingi, najua. Mwambie arudi mchana foleni ikiisha.

Kuna jambo jingine dogo dirishani. Mwanamke wa Kidatoga aliyeolewa hatamki majina ya wakwe zake, na hukwepa hata maneno yanayofanana nayo kwa sauti. Ukimuuliza jina la mkuu wa kaya, na mkuu wa kaya ni baba mkwe, atanyamaza na kutazama chini. Karani anaandika "hajui", pengine anaongeza na kasauti ka kukereka. Uchunguzi wake umeharibika kabla haujaanza. Muulize aliyemsindikiza, au ruka mstari huo.

Mtoto anayesoma shule anajua Kiswahili. Hawezi kumtafsiria mama yake?

Kwa kikohozi, anaweza. Kwa sonona, hapana.

Fomu tunayotumia ina maswali 9, kila moja alama 0 hadi 3, na imeshapimwa kwa Kiswahili ikaonekana inafaa. Ukifika alama 10 tunachunguza zaidi. Swali la tisa linauliza kama katika wiki 2 zilizopita umewaza kwamba ni bora ufe au ujidhuru. Sasa fikiria swali hilo linapita mdomoni mwa kijana wa darasa la nne kwenda kwa mama yake mzazi, na jibu linarudi kwa njia hiyohiyo. Ama mtoto atalipunguza, ama mama atasema hapana, ama atasema ndiyo na mtoto atarudi bomani na mzigo usio wa umri wake. Sijaona njia ya nne.

Mume naye hafai kuwa mkalimani wa swali hili, hata akiwa mwema. Anayefaa ni mwanamke mtu mzima wa jamii ileile asiyetoka boma lile, aliyeambiwa mapema kwamba asikiayo yaishie chumbani. Kila kata yenye wafugaji ina angalau mmoja anayekijua Kiswahili cha sokoni vizuri. Mtafuteni kabla hamjamhitaji, na nauli yake ya bodaboda iwe kwenye bajeti. Kwa maneno matupu hatakuja mara ya pili.

Ng'ombe wangu 40 wamekufa kwa ukame. Nina huzuni. Naumwa?

Pole sana, mzee wangu. Huzuni ya msiba si ugonjwa, na ng'ombe 40 ni msiba. Katika huzuni ya kawaida maumivu huja kwa mawimbi, katikati mtu anapumua, anakula na wenzake, anacheka na mjukuu, na hajioni kuwa yeye mwenyewe ni takataka. Tunaanza kuwa na wasiwasi mawimbi yasipoachia nafasi, ukishindwa kuwahudumia hata ng'ombe waliobaki, ukiacha kutoka nje, au ukianza kuwaza kwamba boma lingekuwa heri bila wewe. Hapo njoo, hata kama ni wiki 2 tu zimepita.

Ni laana, au kuna mtu ametuchezea. Twende kwa mganga kwanza?

Wengi huenda, na sitakuambia umfukuze mganga. Anayekusikiliza saa nzima anakupa kitu ambacho zahanati nyingi haina muda wa kukupa. Ninachoomba ni mambo mawili. Dawa ya hospitali isikatizwe kwa ajili ya dawa ya mganga. Na asiwepo wa kumfunga mgonjwa kamba, kumnyima chakula wala kumchapa. Mganga anayefanya hivyo aripotiwe kwa mtendaji wa kijiji au polisi.

Mke wangu mdogo amejifungua wiki 6 zilizopita, mtoto mzima lakini yeye analia na hamshiki mtoto.

Mlete wiki hii, msisubiri tarehe ya chanjo. Duniani, zaidi ya mwanamke 1 kati ya 10 hupata sonona akiwa mjamzito au baada ya kujifungua. Binti aliyeolewa mbali na kwao, kwenye boma la wake wenza, na mama yake mzazi kabaki Hanang, hana wa kumpokea mtoto hata alale saa mbili. Hajamchukia mwanawe. Akianza kusikia sauti, kuongea yasiyoeleweka au kusema mtoto si wake, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo, kwa pikipiki au kwa gari la ng'ombe, chochote kilichopo.

Wanawake wa Kibarbaig wana baraza lao la jadi, lenye uwezo hata wa kumtoza faini mwanaume aliyemkosea mwanamke. Huku ugenini nguvu zake zimepungua, lakini akina mama wakubwa bado wanakutana. Mhudumu wa afya aliyekubalika pale amefika mahali ambapo tangazo la kipaza sauti halifiki.

Wanaume je? Wao hawalii.

Wanakunywa. Kwao pombe ya asali ilikuwa ya sherehe, ikinywewa kwa utaratibu na wazee. Huku wamekuta uraka, yaani pombe ya mabibo, na gongo lake, vinavyouzwa kwa bei ya chini na havina msimamizi. Mwanaume anayeanza kunywa asubuhi, anayegomba na kila mtu, aliyeacha kwenda mnadani, huenda anaumwa sonona na pombe ndiyo dawa aliyoiona. Inamlegeza jioni na kumzamisha zaidi kesho yake. Mtibu vyote viwili.

Nani anayeweza kutibu? Daktari bingwa wa akili yuko Dodoma.

Hospitali ya akili ya Mirembe iko Dodoma, kweli, lakini sonona nyingi haihitaji Mirembe. Anza zahanati au kituo cha afya. Kila halmashauri ina mratibu wa afya ya akili, muulizie kwa jina la cheo chake. Kwa walioshindikana ipo Hospitali ya Kinyonga kwa watu wa Kilwa, Sokoine pale Lindi mjini, Nyangao kwa walio njia ya Masasi, na ukivuka mkoa kuna Ndanda, Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini Mtwara.

Tena si kila tiba inatolewa na mwenye koti jeupe. Zimbabwe, tangu 2006, mabibi wa kawaida wamefundishwa kukaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kumsaidia kulitatua tatizo moja moja. Majaribio yaliyochapishwa 2016 yalionyesha kwamba baada ya miezi 6, dalili za sonona zilibaki kwa asilimia 14 hivi ya waliokaa na mabibi hao, dhidi ya asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Bibi wa Kibarbaig anaweza kufundishwa hivyo. Benchi tunalo, na kama halipo hata kigoda kinatosha.

Vidonge vinalevya? Nitavimeza hadi kufa?

Havilevyi wala havimgeuzi mtu kuwa teja. Vinavyopatikana zaidi kwetu ni fluoksetini na amitriptilini. Wiki mbili za mwanzo utaona madhara kabla ya faida: kichefuchefu au kukosa utulivu kwa ya kwanza, usingizi na mdomo kukauka kwa ya pili. Hapo ndipo wengi wanapotupa. Nafuu huanza kati ya wiki 2 na 4, wakati mwingine 6. Ukipona, unaendelea miezi 9 hadi 12, kisha unapunguziwa taratibu na aliyekuandikia. Kuacha ghafla kunaleta kizunguzungu, na ugonjwa unaweza kurudi. Amitriptilini nyingi kwa mkupuo ni hatari, hasa kwa mtoto, kwa hiyo ikae mbali na mikono ya watoto na ya mgonjwa anayewaza kufa.

Kama masika yakija boma lako hukatwa na mto, omba dozi ya mwezi mzima au zaidi mapema. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, hata barabara kuu ilikatika pale Somanga, achilia mbali njia za porini. Na ukihamisha mifugo, chukua karatasi ya rufaa uende nayo.

Ndugu yangu anasema anataka kufa. Nikimuuliza si nitamtia wazo?

Hutamtia. Muulize wazi, kwa sauti ya kawaida: "Unawaza kujiua?" Akisema ndiyo, usimwache peke yake hata kidogo, wala usimwambie ajikaze. Dawa za kupulizia mikorosho, dawa za kuogeshea mifugo, kamba na silaha vifungiwe au vipelekwe boma jingine. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu siku hiyohiyo, usiku au mchana, na mtu mzima aende naye. Kwa mtoto au kijana chini ya miaka 18, simu ya huduma kwa mtoto ni 116, bila malipo.

Ng'ombe wao wamekula ekari zangu mbili za ufuta. Kwa nini nijali usingizi wao?

Hasira yako ina haki, na kesi yako ipeleke baraza la kata, udai fidia. Mkulima aliyepoteza ufuta wa msimu mzima naye anaweza kuanguka kwenye sonona, na mlango wa zahanati ni uleule. Lakini kijana wa Kibarbaig anayeitwa mnyama kila siku shuleni hakulisha shamba lako. Ameanza kujifungia, ameacha shule, na mwalimu ameandika "mtoro".

Mimi ni muuguzi mpya, nimepangiwa zahanati yenye wafugaji. Nianze na nini?

Jifunze salamu yao, hata ukiikosea watacheka na kukurekebisha. Nenda mnadani siku ya mnada bila fomu, ujulikane sura. Uliza mzee yupi anasikilizwa, ukamwone kabla ya kuingia boma lolote. Kisha fungua rejesta ya miezi 6 iliyopita, utafute majina yanayojirudia kwa kichwa na mgongo, na umpe mhudumu wa ngazi ya jamii orodha ya kwanza ya watu watano. Siri yao ibaki kwenu wawili, asiende kutangaza kijiweni kwamba anatafuta wenye matatizo ya akili, kwani hapo hatakuja hata mmoja.

Mume akikataa mke asirudi kliniki?

Usimwite ofisini kama mshitakiwa. Mwombe aje naye, umwambie muda wa dawa, umwambie kwa nini wiki za mwanzo hataona mabadiliko, na umpe yeye kazi ya kuhesabu vidonge. Wengi hukataa kwa sababu hakuna aliyewaeleza kitu, na nauli ya kwenda na kurudi ni thamani ya mbuzi. Ukiweza kupanga kliniki ya akili iangukie siku ya mnada, panga hivyo.